Msunguti Zizini

Bhoke alisikia kengele za ng'ombe kabla hajawaona, akajua lile aliloliogopa limefika. Alikuwa amepiga magoti katikati ya zizi la marehemu mumewe, anapanga mawe kuzunguka mimea ya subiri, jua la saa nane likimchoma mgongoni. Akainuka na jembe lake mkononi. Hakukimbilia simu. Angempigia nani? Binti yake Liz alikuwa dukani kwake Homa Bay, mbali, na majirani wote walikuwa wameshaambiwa siku hiyo wakae kwao.

Aliyekuja na ng'ombe alikuwa Maroa, shemeji yake, mdogo wa mumewe Stanley aliyelala nyuma ya nyumba chini ya saruji. Maroa hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na mikono, na mikono hiyo ndiyo iliyomsemea tangu ujana. Ilimsemea kwa mkewe mpaka mkewe akavuka mpaka kuingia Tanzania, akaacha mtoto mchanga kitandani. Siku hiyo alikuja na panga kiunoni, na vibarua wawili aliowakodi Isebania. Nyuma yao, kwenye pikipiki iliyobeba kamba na chumvi, alikuja Sammy. Ndiye yule mtoto aliyeachwa kitandani, sasa mtu mzima wa ndevu, ana mke wake na kazi yake ya bodaboda.

Sammy alinyonyeshwa na Bhoke. Liz titi hili, Sammy titi lile, wakalala ubavuni pake wote wawili. Ilimpasa amwite mama mkubwa, maana ni mke wa kaka wa baba yake, lakini hakumwita hivyo hata siku moja. Alimwita Mama tu, na mtu akijaribu kumsahihisha, walikosana.

Sasa sikia kesi yenyewe, maana ni ya kijinga na ilimwaga damu. Stanley alikufa bila mtoto wa kiume. Wezi wa mifugo walikuja, akasimama mlangoni pa zizi kuwazuia, wakampiga mshale wa sumu begani, wakapita juu yake na ng'ombe wote. Zizi likabaki tupu. Ukoo ukangoja Bhoke atie humo hata ndama mmoja, wapi! Bhoke akalima zizi. Akapanda mimea ya ajabu ajabu, si mahindi, si mtama. Wazee wakakaa, wakanywa, wakatoa kauli yao: boma ni zizi, na zizi ni la mwenye ng'ombe. Ng'ombe wa Maroa wakilala humo usiku mmoja tu, boma lote ni la Maroa, na Bhoke afungashe aende kwa binti yake. Liz alipopiga simu kusema kwamba kuna sheria, kuna korti Migori, Maroa alicheka. Korti iko mbali, alisema, na usiku uko karibu.

Lakini si kwamba Bhoke alilima zizi kwa kiburi. Zamani alikuwa kama wanawake wote wa huku, anafagia uwanja asubuhi mpaka ardhi inang'aa. Jani likionekana uwanjani, watu husema mwenye nyumba ni mvivu, au amerogwa. Kisha Stanley akafa, ukame ukaja, ukaja tena, na uwanja ule uliofagiwa ukageuka sakafu. Mvua ikinyesha siku moja, maji yote yanateleza yanakimbilia barabarani. Upepo ukivuma, vumbi linaingia mpaka kwenye ugali. Alipokwenda kumwona Liz, alipitia Lambwe kwa mama mmoja Msabato aliyehamia huko kutoka Kisii, jina lake Nyakerario. Nje ya ua wa huyo mama kila kitu kilikuwa kimekufa. Ndani kulikuwa na kelele za ndege mpaka Bhoke akasimama mlangoni ameshika mdomo.

"Unafanyaje?" akauliza.

"Nimeacha kufagia," Nyakerario akajibu. "Anza na hilo."

Bhoke alirudi na gunia la machipukizi ya subiri na mbegu za mgunga kwenye kanga. Akalichagua zizi kwa sababu moja: mbolea ya miaka yote ya ndoa yake ilikuwa humo. Akachimba mashimo yaliyopinda ili maji ya mvua yakae badala ya kukimbia. Akafunika udongo kwa nyasi kavu. Akapanda mikonge pembeni, vichaka vya leleshwa, mkwaju mmoja. Kigogo kilichokufa hakukipasua kuni, alikilaza chini, nyuki wakahamia ndani. Kigae cha mtungi akakitia maji. Wakaja ndege wa chozi kunyonya maua ya subiri, wakaja mijusi, akaja kobe mmoja mzee asiyejulikana alikotoka. Mwanamke aliyekuwa halali kwa kumwona Stanley ameanguka mlangoni pa zizi, sasa alilala. Unaelewa? Pale pale damu ilipomwagika, palikuwa na kitu kinachopumua.

Na kulikuwa na msunguti. Huo hakuupanda yeye, walioupanda ni ndege. Ulichomoza wenyewe ukutani, majani magumu yanayong'aa, maua meupe yenye harufu nzuri mno. Bhoke aliutambua kwa harufu hiyo. Babake alikuwa mpishi wa sumu ya mishale. Mti huo ndio aliouchemsha porini, akiwafukuza watoto kwa mawe wasisogee. Mti huo huo ndio uliomuua Stanley. Alishika jembe aung'oe, akainua, akaona kitagaa kimoja kina kiota, na ndani ya kiota vinywa vitatu vimeachama. Akateremsha jembe. Akasema ataung'oa vifaranga wakiruka. Vifaranga wakaruka, yakaja matunda meusi, ndege wengine wakaja kula, na mbuzi waliokuwa wakivunja ua wote wakawa wanaukwepa upande ule. Akauacha.

Hakumwambia mtu. Angesema ni mti wa sumu, vijana wa mishale wangekuja kuukata hata usiku, na sumu ya zizi lake ingekwenda kuua mume wa mtu mwingine. Kwa hiyo kila aliyeuliza alimjibu kwamba ni mti wa kivuli tu. Sammy aliuliza, akajibiwa hivyo hivyo. Ili watu wasiingie kuokota kuni, akawatungia na uongo mwingine: mara zizini kuna nyoka kifutu, mara kuna mzimu wa Stanley, mara kuna mmea ukiugusa unapofuka. Watu waliogopa kidogo, halafu wakazoea, halafu wakawa wanamcheka.

Basi siku hiyo alisimama mlangoni pa zizi, pale pale aliposimama mumewe.

"Rudisha ng'ombe zako, shemeji," akasema.

"Toka njiani, Bhoke."

"Humu kuna kifutu. Nimemwona asubuhi."

"Juzi ulisema ni mzimu." Maroa akatema mate. "Kesho utasema kuna simba. Toka!"

Sammy alizima pikipiki, akaja mbio. "Baba, si tulisema tutaongea kwanza? Hatukuja kupigana na Mama."

Maroa alimzaba kofi la sikio, mbele ya vibarua, mtu na ndevu zake. "Huyu ndiye mama yako? Mama yako ni malaya wa Tarime. Peleka ng'ombe mtoni zikanywe, zikirudi zikute pa kulala. Enda!"

Sammy akamtazama Bhoke. Bhoke akamtazama Sammy. Nisikufiche, Bhoke alingoja. Alingoja yule aliyemnyonyesha aseme siendi. Sammy akashika fimbo, akaacha pikipiki palepale uani, akaswaga ng'ombe kuelekea mtoni bila kugeuka.

Hapo hasira zikampanda Bhoke mpaka masikio yakaziba. Maroa aliponyoosha mkono kumsukuma, alikizungusha kipini cha jembe kwa nguvu zote alizokuwa nazo, kikampata Maroa mdomoni. Mlio wake ulikuwa kama wa kuni kavu. Mdomo wa juu ulipasuka mpaka chini ya pua, jino moja likaenda na damu. Maroa alirudi nyuma, akagusa mdomo, akaangalia vidole vyake. Hakupiga kelele.

Kisha wakampiga. Wanaume watatu kwa mwanamke mmoja wa kuota mvi, na ninasema hivyo ili kila mtu asikie. Ngumi ya kwanza ya Maroa ilimlaza. Mateke yakamkuta chini, mbavuni, mgongoni, kibarua mmoja akamkanyaga mkono mpaka akaachia jembe. Alisikia ubavu ukilia ndani yake. Wakamburuta kwa nguo mpaka kwenye ukuta wa jiko, wakamfunga mikono kwa mbele kwa kamba ya katani, wakamwacha ameegemea hapo, jicho moja limefunga.

Kwa lile jicho lililobaki aliona yote. Aliona panga zikiingia zizini. Subiri zilikatwa shingo, zikatoa maji ya manjano. Mkwaju ulikwenda kwa mapigo mawili. Mashimo ya maji yalifukiwa kwa miguu. Kibarua mmoja alimpata kobe, akampindua, akacheka akimwona anapiga miguu hewani, halafu akachukua jiwe moja katika mawe aliyoyapanga Bhoke mwenyewe na kulipasua gamba. Ilimchukua muda, maana lile gamba lilikuwa gumu. Bhoke alipiga ukelele kwa kila pigo.

Huyo huyo aliyemuua kobe ndiye aliyekipiga shoka kigogo cha nyuki. Hapo angalau palikuwa na haki kidogo. Nyuki walitoka wote kwa pamoja, wakamvaa usoni, akakimbia akigonga ukuta na kulia kama ndama. Wenzake walipomaliza kuwafukuza nyuki kwa moshi, macho yake yalikuwa yameziba kabisa, akakaa chini kivulini anaguna.

"Sasa tuchinje," Maroa akasema, mdomo umevimba, maneno yanatoka kwa shida. "Ng'ombe haziingii zizi jipya bila nyama."

Alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na beberu wa Bhoke. Alimchinja mlangoni. Kuni za leleshwa zikashika moto upesi, harufu yake ikajaa boma zima. Nyama zikakatwa vipande. Vijiti vya kuchomea hakuna. Maroa akaangalia huku na huku. Mimea yote ilikuwa chini, imepondeka, imejaa udongo. Uliobaki umesimama ulikuwa ule mti wa ukutani, wenye vitagaa vilivyonyooka vizuri.

Bhoke alimwona akiusogelea.

Maroa, mtu wa siku hizi, hakuujua msunguti. Mishale aliyokuwa nayo nyumbani aliinunua sokoni, imeshapakwa, imefungwa kwa ngozi. Waliojua mti wenyewe walikuwa wapishi, na wapishi walikufa bila kumfundisha mtu. Akakata kitagaa. Akakibana kwa meno ili mkono uwe huru kukata kingine. Akakata, akabana, akakata. Akachuna maganda kwa kisu, na utomvu mweupe ukamchirizika kidevuni, juu ya mdomo ule uliopasuliwa na jembe. Bhoke alikumbuka sauti ya babake, wazi, kana kwamba yuko jikoni: sumu hii unaweza kuionja kwa ulimi ukatema, lakini ole wako ukiwa na kidonda kinywani.

Maroa akageuka, akamkuta anamtazama. Akainua kijiti kimoja, akakichomeka kipande cha nyama mbele ya macho yake, kumwonyesha.

"Mti wako wa kivuli umefaa," akasema.

Bhoke alifungua mdomo. Akaufunga. Mdomo ulikuwa mzima. Ulimi ulikuwa mzima. Alikuwa na pumzi ya kutosha, alikuwa amepiga kelele saa nzima kwa ajili ya kobe. Alifikiria kobe. Alifikiria Stanley. Alifikiria usiku ule, ng'ombe wa huyu mtu wamelala juu ya subiri zake, na asubuhi yeye yuko barabarani na furushi la nguo. Akamwona Maroa akipanga mishikaki juu ya moto, mmoja baada ya mwingine, mafuta yanadondoka. Akanyamaza. Nyama ikaiva, na bado alikuwa amenyamaza. Maroa akala kipande cha kwanza, akashika mdomo kwa maumivu ya kidonda, akaendelea kutafuna. Kibarua wa pili akala. Wakampa na yule kipofu wa nyuki, akasema hawezi hata kumeza mate.

Wala usimhukumu haraka. Wewe hukulala pale umefungwa kamba.

Kisha kengele za ng'ombe zikasikika tena, zinatoka mtoni.

Sammy aliingia uani, akaliona zizi. Akamwona Bhoke ukutani. Uso ulimbadilika, akaanza kumwendea, lakini babake alimkamata shati akamvuta motoni. "Kula," akamwambia, akamsukumia mshikaki mkononi. "Kula kwanza, ndio ujue uko upande gani."

Sammy alishika ule mshikaki. Alikuwa na njaa, tangu asubuhi hajala. Akauinua.

"Sammy, usile!" Bhoke alipiga yowe lililomchana mbavu. "Ni sumu! Huo mti ni sumu ya mishale! Tupa!"

Kibarua akaangua kicheko. Maroa naye akacheka, damu mpya ikamtoka mdomoni. "Umesikia? Kifutu kimeisha, mzimu umeisha, sasa ni sumu. Mimi nimekula, nimekufa?"

"Mama," Sammy akasema, amechanganyikiwa, "si uliniambia ni mti wa kivuli tu?"

"Nilikudanganya! Tupa, mwanangu, nilikudanganya!"

Sammy akautazama mshikaki, akamtazama babake anayetafuna. Hebu fikiria, mtu amedanganywa mara ngapi juu ya zizi hilo? Akaupeleka mdomoni.

Sijui Bhoke aliinukaje. Ubavu umevunjika, mikono imefungwa. Lakini aliinuka, akavuka uwanja, akaliokota jembe lake pale lilipoangukia kwa mikono yote miwili iliyofungwa pamoja, akampiga Sammy kwa kipini mkono wa kulia chini ya kiwiko. Alipiga kwa kuvunja. Mfupa ukavunjika, mshikaki ukaruka ukaangukia majivuni, Sammy akaanguka magoti akipiga kelele ya mtoto. Bhoke hakutosheka, akamrukia, akamtia vidole kinywani akamkomba ulimi, meno, kila pembe, huku Maroa akimpiga ngumi za kisogo. Hakukuwa na nyama kinywani. Akalia kwa sauti, kwa furaha, juu ya mtu aliyemvunja mkono.

Ngumi za kisogo zikakoma. Bhoke akageuka. Maroa alikuwa amesimama anashika midomo yake kana kwamba si yake.

"Sisikii mdomo," akasema.

Akatapika. Akatapika tena, akakaa chini, jasho linamtiririka. Kibarua aliyekula alipoona hivyo, alijitia vidole kooni, akatapika palepale motoni, akatoka mbio akipepesuka na kupotelea njiani. Huyo alipona, nasikia yuko Muhuru Bay anauza dagaa wa omena. Yule mwenzake wa nyuki alibaki anapapasa hewa, anauliza kuna nini, kuna nini.

"Hospitali," Maroa akasema. "Sammy. Washa pikipiki."

Pikipiki ilikuwa palepale, ina mafuta. Sammy aliiendea mbio, akaipanda, akashika usukani. Mkono wa kulia ukaning'inia. Akajaribu kuvuta mafuta kwa mkono wa kushoto kwa kuupitisha juu, pikipiki ikaruka ikazima, ikamwangukia. Akaiinua. Ikazima tena. Alikuwa analia kwa hasira. Bhoke naye hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Kibarua kipofu alisema anajua kuendesha, lakini haoni hata mkono wake. Wakapiga simu. Bodaboda mmoja akasema anakuja, yuko mbali kidogo.

Bhoke alikata kamba yake kwa kisu cha Maroa mwenyewe. Akakaa chini, akakipakata kichwa cha Maroa kwenye mapaja yake, ndiyo, yeye. Moyo wa shemeji yake alikuwa anauhisi kwenye shingo, unakwenda mbio, unasimama, unakwenda. Maroa alifungua macho, akamtazama kwa muda mrefu. Alikuwa anakumbuka alipomwinulia kijiti. Bhoke alijua kwamba anakumbuka hilo.

"Ulikuwa unaniangalia," Maroa akasema kwa sauti ambayo Sammy, pale kwenye pikipiki, hakuisikia.

Bodaboda alipofika, walikuwa wameshamfunika kwa kanga.

Polisi walikuja, wakachukua vijiti, wakamhoji kila mtu, wakaondoka na maiti. Ng'ombe walilala nje ya ua, na mtu hakuthubutu kuwaingiza. Asubuhi ukoo ukaja. Sikuambii ni wangapi, njia ilijaa. Walikuja na panga na galoni la petroli, wanaimba, na wimbo ulikuwa mmoja: mchawi achomwe na msitu wake. Bhoke alisikia akiwa kitandani, hawezi kujigeuza, akasema basi, na yatimie.

Sammy ndiye aliyesimama mlangoni. Mkono umefungwa kwa shuka, uso umevimba kwa kukosa usingizi. Aliyekuwa mbele, mzee aliyetoa kauli ya zizi, akamwambia, "Pisha, mura, kijana wetu. Tumekuja kwa ajili ya baba yako."

"Baba alikata mti mwenyewe," Sammy akasema. "Kwa kisu chake. Akachoma mwenyewe. Mama alitukataza, alipiga kelele, sisi tukamcheka. Huu mkono alinivunja ili nisile. Asingeuvunja huu mkono, leo mngezika wawili." Akaunyanyua ule mkono kwa ule mzima, akaukunja uso kwa maumivu. "Anayetaka kuchoma, aanze na mimi. Na ng'ombe hizo ni zangu sasa. Haziingii humu."

Walizozana, wakatukanana, mtu akarusha jiwe likampata Sammy kwenye paji la uso. Hakusogea. Damu ikamwingia jichoni, hakuipangusa. Mwishowe wakaondoka mmojammoja, na galoni lao.

Maroa akazikwa kwake. Kwa Bhoke pakatulia. Mbavu zikaunga. Mvua ikaja, ndogo, lakini yale mashimo machache yaliyosalia yakashika maji, na subiri zilizokatwa shingo zikatoa vichwa vipya pembeni. Ukiipiga subiri namna hiyo ndipo inapozaa. Watu wakaanza kumsalimia Bhoke kwa heshima. Mwanamke aliyepigwa mpaka akavunjika ubavu, walisema, na bado akawaonya waliompiga. Mchungaji alimtaja kanisani. Bhoke aliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Sammy alikuja kila alipopata nafasi. Mkono uliunga vibaya kidogo, haukunyooka, lakini ulishika jembe. Walichimba mashimo upya pamoja, wakarudisha mawe, wakaleta kigogo kingine. Siku moja mchana alikuja na mche wa mkwaju alioununua Migori, akauweka kivulini, akasimama mbele ya kisiki cha msunguti. Kilikuwa kimeshachipua, majani mapya yanang'aa.

"Mama," akasema bila kumgeukia, "Baba alipokuwa anakata vile vijiti, wewe ulikuwa umezirai?"

Bhoke alikuwa ameshika ndoo. Akaiweka chini. Alijua kwamba jibu liko tayari, fupi, na Sammy mwenyewe ndiye aliyemletea. Ndiyo, mwanangu, nilikuwa nimezirai. Nani angempinga? Aliyejua alikuwa chini ya ardhi. Na hakuna kitu duniani alichokitaka Bhoke kama huyu mtu aendelee kuja na miche yake, aendelee kumwita hivyo alivyomwita. Lakini aliangalia ule mkono uliopinda. Uongo wake wa zizini ulikuwa umekula watu vya kutosha.

"Hapana," akasema. "Nilikuwa macho. Nilimwona tangu anakata cha kwanza. Nilinyamaza mpaka ulipokuja wewe."

Chozi mmoja alikuwa kwenye ua la subiri, akaruka. Bhoke akaona afadhali Sammy ampige. Sammy akachukua jembe, akaanza kuchimba kuzunguka kile kisiki, kwa nguvu, udongo ukiruka mpaka usoni. Alichimba mpaka shati likalowa, mpaka ule mkono mbaya ukaanza kumshinda. Mzizi ulikuwa mrefu kuliko walivyodhani, umeingia chini ya ukuta. Akatupa jembe, akaufunga kamba, akaivuta, ukakataa.

Bhoke alisimama kando, hajui asogee au aondoke.

"Shika hapa, mama mkubwa," Sammy akasema, akamnyooshea ncha ya kamba.

Bhoke akaishika, wakavuta.